Mstari wa Sigara Tatu

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ukitaka barua iandikwe ikaandikika, utaelekezwa kwa Papa Balagizi. Nyumba yake ya matofali mabichi iko nyuma ya kanisa. Mlangoni pana meza, na juu ya meza kuna kalamu mbili na rula ya mbao ambayo hamruhusu mtu mwingine kuishika. Watu humwita Komisere, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, maana komisere gani huyu anayepanga foleni ya unga na kupanda kabaza, baiskeli ya kukodi, magoti yakimgusa kidevu?

Lakini cheo alikuwa nacho kweli. Alizaliwa Bukavu, akasomeshwa hadi akaiva, kisha akapelekwa kusini mwa Uvira kuongoza kituo kidogo cha polisi wa ziwa: mashua moja, askari wanne, na daftari la pevee, yaani taarifa za ukamataji. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wengi. Upande huu Kongo, upande ule Burundi, na katikati mstari ambao Mungu hakuuchora wala samaki hawaujui. Kazi ya Balagizi ilikuwa kuujua. Hata leo, akikaa na wenzake baada ya ibada, utamsikia akikariri somo lake.

"Askari wa maji iko na nguvu paka ku mustari," husema, kidole juu. "Akiupita, ni mutu na bunduki tu. Mi nilifanya kazi miaka sita, sikuupita hata siku moja."

Wenzake huitikia tu, maana wameshalisikia somo hilo mara mia. Yeye halichoki. Mtu aliyepoteza nyumba, mshahara na nchi hushikilia kile kilichobaki, na kwake kilichobaki ni hicho: hakuvuka.

Mstari wenyewe waliupima kwa macho. Dereva wa mashua, Nsabimana, mtu wa ziwa tangu utotoni, ndiye aliyemfundisha. Milima ya kwetu na milima ya ng'ambo ikilingana mabega, uko katikati, geuza. Mwezi wa nane, watu wanapochoma nyasi na moshi ukafunika ziwa lote, milima haionekani. Hapo Nsabimana alipima kwa sigara. Aliwasha moja mashua ilipong'oa nanga ufukoni, akaunganisha ya pili, akaunganisha ya tatu. Ya tatu ikimchoma vidole, mstari ndio huo. Balagizi, mtu wa vifungu na tarehe, aliandika katika pevee, "katika maji ya Kongo, karibu na mpaka," akapiga mhuri, na roho yake ikatulia.

Baadaye watu wenye silaha walioutawala ufuko ule walimtaka awakabidhi mashua. Akakataa. Usiku uleule alimshika mkewe Lucie mkono wakakimbia, na hawakupumzika mpaka Malawi. Sasa wana miaka minane Dzaleka. Macho ya Lucie yamekuwa yakizimika polepole, la kushoto kwanza, na daktari alishasema hapa hapana dawa. Tumaini lao ni kuhamishiwa Kanada, Lucie atibiwe. Faili lao limefika mbali. Wamepimwa hadi mapafu. Na katika faili hilo, kwa mwandiko wake mzuri, Balagizi alisema hajawahi kufanya kazi nje ya maji ya nchi yake.

Basi, mwezi wa tatu mwaka huu akaja mwanamke mmoja mlangoni, mrefu, mkimya, na futi ya kupimia nguo shingoni. Ni fundi cherehani wa upande wa chini wa kambi, jina lake Louise, mwenyeji wa Uvira. Ofisi ya Lilongwe inayosikiliza kesi za wakimbizi ilimtaka alete maelezo kwa maandishi: kwa nini alikimbia, nani alimdhuru, wapi. Wakikubali, anapata karatasi ya ukimbizi na mahali pa kukaa. Wakikataa, ni kurudishwa kulekule.

"Papa, bantu banasema we njo unajua sheria," alisema. "Mi sijue kuandika mambo ya serikali."

"Keti, mama. Sema pole pole. Mi naandika."

Akasema. Walikuwa watu kumi na tisa katika mtumbwi wa mota, wakiwakimbia wale wenye silaha waliokuwa wakiwakusanya wanaume. Mumewe Noël alikuwa ameshika begi kifuani. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa nane, moshi mtupu. Balagizi aliandika, na kalamu ikaanza kwenda taratibu.

"Kisha moshi ikafunguka kidogo. Tukaona ng'ambo! Mama moja, kitambaa nyekundu ku kichwa, iko nafula nguo ku majiwe. Anapiga, ta, ta, ta. Karibu hivi, Papa, ungemuita angeitika. Tukaanza kuimba. Njo mashua ya polisi ikatokea nyuma yetu. Sauti ku kipaza sauti: rudini, hamuna karatasi ya safari. Uso sikuona, sababu ya moshi. Bakaturudisha. Ku ufuko baliteremusha banaume, bakabapeleka. Noël naye. Paka leo."

Kalamu ilisimama. Pevee namba arobaini na moja. Watu kumi na tisa, magunia mawili ya mihogo, hapana karatasi ya safari. Aliikumbuka kama unavyokumbuka kovu lako. Na ile ta, ta, ta aliikumbuka pia: aliisikia siku ile, akadhani ni mota ya mtumbwi inagonga.

Sasa lile ambalo hakuliwaza miaka yote likamjia lenyewe. Wiki moja kabla ya siku ile kituo kilikuwa kimepata mota mpya, yenye nguvu karibu mara tatu ya ile kuukuu. Waliishangilia, wakaibatiza jina, wakachinja mbuzi. Sigara hawakuzipunguza. Nsabimana aliwasha tatu vilevile, na yeye, Komisere, mwenye rula, hakuuliza. Sigara tatu kwa mota ile ni kufika mlangoni kwa watu.

Kwa hiyo alikuwa amevuka, na kumi na tisa wale walikuwa wameshafika. Siku ile hakuwa komisere wa mtu yeyote. Alikuwa mtu na bunduki tu.

"Unaumwa, Papa?" Louise aliuliza.

"Joto," alisema, na hapakuwa na joto.

Angeliandika kama lilivyosemwa, ofisi ingeuliza: polisi gani hao walioingia maji ya Burundi, na mkuu wao ni nani? Majibu yalikuwamo ofisini humohumo, kabati moja, ndani ya faili lenye jina lake. Kanada ingefungwa, na Lucie angebaki na giza lake. Balagizi alichovya moyo wake katika maji baridi, akaandika kwa Kifaransa safi kuliko chote alichowahi kuandika: mtumbwi ulisimamishwa na polisi wa ziwa, ndani ya maji ya Kongo. Yule mama mwenye kitambaa chekundu hakumwandika kabisa. Louise, asiyejua Kifaransa, akaweka kidole gumba. Alitaka kulipa; mzee akakataa. Akashukuru sana.

Nasema alichovya moyo wake katika maji baridi kwa sababu nimeshindwa kumtetea kwa namna nyingine.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa tano Louise alirudi na bahasha, maana hakuwa na mwingine wa kumsomea. Ombi limekataliwa. Mume wa mwombaji alikamatwa na mamlaka halali ya nchi yake, ndani ya maji ya nchi yake, kwa kosa la kusafiri bila karatasi. Hiyo ni kazi ya kawaida ya polisi, si mateso. Rufaa ipokelewe ndani ya siku thelathini.

"Halali?" Louise aliuliza. "Banasema balikuwa na haki ya kutukamata?"

"Banasema hivyo."

"Basi andika tena, Papa. We unajua sheria ya maji kupita bote. Waambie."

Akamwambia aje kesho. Kesho akamwambia kichwa kinauma. Keshokutwa Lucie alikuwa na miadi ya hospitali Dowa. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Kila asubuhi alikaa mezani, akachora mstari ukingoni mwa karatasi kwa rula yake, akaandika tarehe, akakunja. Moyoni alihesabu: siku zipo, hazijaisha. Hasira yangu juu yake iko hapa hasa. Uongo wa kwanza ulikuwa woga, na woga humshika yeyote. Huku kuchelewa alikuwa na nafasi ya kukufikiria vizuri, kila siku upya.

Louise hakulalamika. Kwa kuwa mzee hapokei malipo, na mkewe haoni, alikuja Jumamosi moja akachukua nguo za Lucie akaenda kuzifua kando ya nyumba. Ndivyo wanavyoshukuru watu wa kwao: hela ukiikataa, mikono huwezi kuikataa. Balagizi alikuwa ndani. Akasikia nguo inapigwa juu ya jiwe. Ta, ta, ta.

"Nani iko nafula vizuri hivi?" Lucie aliuliza kutoka kitandani, akitabasamu.

Balagizi alilia, mkono mdomoni, mkewe asisikie. Kisha akakaa mezani akaandika rufaa bila kuinua kichwa. Aliandika kitambaa chekundu, mota mpya na sigara tatu. Aliandika kwamba mkuu wa mashua ile hakuwa na mamlaka yoyote mahali pale, na kwamba waliokuwa mtumbwini walikuwa tayari chini ya ulinzi wa nchi nyingine. Chini akaandika jina lake, cheo chake, na namba ya pevee. Kwa hesabu yake ilikuwa siku ya ishirini na saba. Kwa Louise alisema tu kwamba rufaa iko tayari, na kwamba Jumatatu wataipeleka wenyewe Lilongwe.

Jumatatu walipanda minibasi mapema, wakapita Lumbadzi, wakafika ofisi haijafunguliwa. Aliyewapokea alikuwa mama wa Kimalawi, mpole, miwani puani, na mkalimani kijana Mrundi pembeni. Alichukua barua ya kukataliwa kwanza. Akaangalia tarehe iliyo juu, akageukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole.

"Thelathini na tano," mkalimani alitafsiri. "Mmechelewa siku tano."

"Hapana," Balagizi alisema. "Leo ni siku ya ishirini na tisa. Mama alitia kidole cha kupokea tarehe nane."

Kwao Kongo ndivyo muda unavyohesabiwa. Siku huanza mtu anapowekewa karatasi mkononi akatia kidole. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha wengine. Hapa huanza siku barua ilipoandikwa. Ilikuwa imeandikwa chini, kwa herufi ndogo ambazo yeye, msomaji wa Dzaleka nzima, alizipita haraka siku ile kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye neno "halali".

Yule mama akavua miwani. Alionekana kusikitika kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mkalimani akasema: "Anasema, muda ukishapita, ofisi hii haina tena mamlaka juu ya shauri hili. Hata akitaka kusaidia, hana uwezo. Zikomo, asanteni."

Balagizi akasukuma rufaa mezani hata hivyo. "Asome. Namuomba asome tu."

Akasoma, kijana akimsaidia Kifaransa. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena, kisha akamtazama mzee. "Huyu mkuu wa mashua ni wewe?" Kijana alitafsiri kwa sauti ndogo, na alitafsiri kwa Kiswahili, kwa hiyo Louise naye alisikia.

"Ni mimi."

Yule mama aliirudisha barua ya Louise kwa mwenyewe. Rufaa aliigonga mhuri, akauliza namba ya faili la Balagizi, akaiandika juu ya karatasi, akaiweka katika trei nyingine. Juu ya faili hilo alikuwa na mamlaka.

Walitoka, wakakaa kwenye ukingo wa saruji kando ya kituo wakingoja basi la kurudi. Wauza kadi za simu walipita wakiita. Louise alikuwa ameshika barua yake kwa mikono miwili. Balagizi alingoja atukanwe, alitamani kutukanwa.

"Papa," Louise alisema hatimaye, na bado alimwita Papa. "Uliturudisha juu ya nini?"

"Nilizani tuko bado mu maji yetu. Ningejua tumevuka, ningewaacha. Naapa, mama. Sikukuwa na haki kule."

Louise aliikunja barua yake.

"Na kama tungekuwa bado mu maji yenu?"

Jibu Balagizi alikuwa nalo, lile la miaka yote, lenye kifungu na mhuri, ambalo alilisema kila Jumapili kidole juu. Alilitafuta, na kila alipolishika aliona begi kifuani mwa Noël, na wanaume wakiteremshwa ufukoni, ufuko uleule, iwe mtumbwi ulivuka au haukuvuka.

Louise alingoja jibu mpaka basi lilipofika, kisha akapanda.