Nusu Nyingine Iko Nyumbani

Juzi binti anayenisuka hapa Pasiansi, Mwanza, alipomaliza kichwa changu alinigeuza taratibu kama mtu anayekagua nanasi sokoni, akasema, "Mama, tulia hivyohivyo, nipige picha ya kisogo niirushe." Nikamuuliza anairusha wapi. "Kwenye simu. Watu wakiiona wanakuja wenyewe. Tangazo la bure hilo, siku hizi ndiyo tumeligundua."

Nikamwachia apige, ingawa kisogo chenyewe nilikuwa nimekilipia. Moyoni nilikuwa nacheka. Mwanangu, wewe umeligundua juzi. Mimi nilikuwa tangazo la bure kabla hujazaliwa, na sikurushwa na simu, nilitembea kwa miguu.

Wewe unanijua, mimi ni mtu wa ndani. Nikialikwa harusini kwanza nauliza kama kuna kiti karibu na mlango. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa mtaa wa pili kutoka nyumbani kwetu, na sijaona sababu ya kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo ukisikia kwamba kuna msimu nilizunguka kuanzia huku Pasiansi mpaka Nyamagana, nusu ya kichwa imesukwa na nusu timutimu, ujue halikuwa wazo langu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Mitumba ilijaa sokoni, madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka ufukweni, na viwanda vya zamani vilikuwa vinapunguza watu. Baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo tangu sijazaliwa, halafu siku moja akarudi saa sita mchana na mfuko wa plastiki: kikombe, kandambili, ovaroli. Ovaroli akaitundika nyuma ya mlango, na kila ukifungua mlango ilikutikisia mikono.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri majibu. Kwa msichana wa shule ya msingi kumaliza kulikuwa na maana moja kubwa, nayo ni nywele. Miaka saba nilinyolewa kwa amri ya shule, sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa naziachia. Kila asubuhi nilizikagua kwenye kioo kama mtu aliyepanda mchicha.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na mapanki, ile migongo ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishachukuliwa. Ikikaangwa vizuri unainyonya mpaka vidole. Baba akasema, "Krismasi. Ikifika Krismasi hakijaeleweka kitu, tunafunga mizigo, tunarudi Kisesa. Shamba la marehemu mzee lipo."

Mama alimaliza kwanza mfupa wake. "Wewe nenda ukalime. Mimi nitasuka."

Baba akacheka kidogo. "Utamsuka nani?"

"Mwenye kichwa."

Sasa hapo lazima nikueleze desturi yetu, maana vijana wa leo hawataiamini. Kusukwa kulikuwa bure. Kila Jumamosi alasiri wanawake wa mtaa walikuja kukaa kwenye ngazi za kibaraza chetu, mmoja juu, mwingine chini yake, na mwingine chini ya huyo, kila kichwa katikati ya magoti ya mwenzake, kama treni. Leo nakusuka mimi, wiki ijayo ananisuka fulani. Kulikuwa na sufuria ya karanga za kuchemsha, mafuta ya mgando yananukia, vitana vinagongana, na habari za mji mzima zinapanda na kushuka ngazi. Nilizipenda Jumamosi hizo kuliko sikukuu yoyote, kwa sababu dunia ilikuja kwetu bila mimi kuvaa viatu.

Na mama ndiye aliyekuwa na mkono. Wengine walisuka, yeye alichora. Mistari yake ilizunguka kichwa kama njia inayopanda mlima, nyembamba, haikatiki.

Jumamosi iliyofuata akawaambia kwamba kuanzia siku ile kusukwa ni kwa malipo. Karanga zikasimama midomoni. Aliyejibu alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa amekaa kati ya magoti ya mama miaka nenda miaka rudi.

"Tumefika huko? Kesho utatutoza na salamu."

"Salamu ni bure, shoga. Nywele ni kazi."

"Nimekusuka mimi miaka mingapi?"

"Ndiyo maana najua ni kazi."

Jirani akainuka na kitana bado kimechomekwa kichwani, akajifunga kitambaa juu yake, akaenda zake. Wengine wakamfuata mmojammoja. Nilibaki mimi na sufuria ya karanga. Nilizimaliza zote, sitaficha.

Basi mama akawa na biashara, ila hakuwa na wateja wala hela ya kibao cha tangazo. Kwanza akajaribu jiwe. Mwanza Mungu katupa mawe mengi kuliko mbao, na kulikuwa na moja kubwa njiani kuelekea bombani. Mama akachovya brashi kwenye chokaa akaandika HAPA PANASUKWA NYWELE. Siku mbili baadaye tukawakuta wasichana wawili wamekaa kivulini mwa jiwe, wanasubiri msusi. Kabla hajaongeza mshale, mvua za vuli zikaliosha jiwe likarudi kuwa la Mungu.

Akaenda kwa mzee wa kanisa, amwombe atangaze Jumapili. Mzee akasema matangazo ya kanisa ni ya ndoa na misiba. "Na hao wanaooana hawana nywele?" mama akauliza. Halikutangazwa.

Saluni za mjini, Nyamagana, zilikuwa na picha za wanawake wa Marekani ukutani. Tulizichungulia tukiwa nje. Tukiwa njiani kurudi mama aliniangalia kichwani muda mrefu, na mimi nikahisi ule mchicha wangu umeiva.

Alinisuka kesho yake, tangu asubuhi mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Nikasikia mkono umesimama. Nikashika kichwa: upande wa kulia mistari imejipinda kama maandishi, upande wa kushoto hakuna kitu.

"Bado huku," nikasema.

"Hapo hapasukwi. Anayetaka kujua panaishaje, aje."

Ule mtindo aliubuni mwenyewe, na jina akaupa mwenyewe, baba akiwa mlangoni anasikia. Aliuita Sihami.

Nililia kidogo. Kisha nikapiga hesabu yangu ya mtu wa ndani. Nikikataa, tunarudi Kisesa. Usinicheke, najua Kisesa si mbali, lakini kwangu mimi hata duka la pili lilikuwa safari. Ili nibaki nyumbani ilinibidi nitoke nyumbani. Nikavaa viatu.

Mama alinifundisha sentensi moja tu. Mtu akikuuliza umefanywa nini, jibu, "Nusu nyingine iko nyumbani," halafu elekeza. Usibishane, usikimbie. Wiki ya kwanza niliisema mpaka ikanikaa ndotoni. Sokoni wauza nyanya waliniita kuku aliyenyonyolewa upande. Kondakta mmoja alinitoza nusu nauli, nikamshukuru. Watoto walinifuata wakiimba. Wateja waliokuja kibarazani walikuwa wawili, na mmoja alikuja kuuliza kama mama ni mgonjwa.

Desemba ikaingia. Baba akaanza kuulizia magunia matupu.

Jumatatu moja natoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, jirani akaniita kutoka mlangoni kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, njoo ukae." Mtu mzima akikwambia kaa, unakaa. Akaniweka katikati ya magoti yake, akachukua kitana, akaanza upande wa kushoto. Alinisuka twende kilioni, ile mistari minne ya haraka inayokwenda moja kwa moja kisogoni, ya mwanamke aliyeitwa msibani ghafla. Hakuchukua hata nusu saa.

"Mtoto wa watu hawezi kutembea kama kiti kilichovunjika mguu," akasema. "Nenda kamwambie mama yako nimekumalizia. Bure. Kama zamani."

Nilipanda ngazi zetu nikilia kwa sauti, maana nilielewa alichofanya. Kichwa kimeshaisha. Nani atakuja kuangalia mwisho wa kitu kilichokwisha? Nikamwambia mama afumue haraka kabla hajaniona mtu.

Mama akanigeuza kwenye mwanga. Akakagua ule upande wa jirani mstari kwa mstari.

"Kasuka vizuri," akasema. "Kwa hasira, lakini vizuri."

"Fumua, mama."

"Sifumui. Kesho unarudi mwaloni hivyohivyo. Wakikuuliza, usimseme jirani vibaya. Waambie huu wa bure, huu wa mama. Waache waangalie wenyewe."

Kesho yake nikasimama kati ya makreti ya samaki, miguu kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka. Kulikuwa na mama mmoja mchuuzi wa sangara, mnene, mabuti ya mpira mpaka magotini, ambaye hata wenye mitumbwi walimwogopa. Akanishika kichwa kwa mikono miwili inayonuka samaki, akakigeuza huku na huku.

"Nani kakusuka hivi, wasusi wawili waligombana?"

"Huu wa bure. Huu wa mama."

"Wa mama unaitwaje?"

"Sihami."

"Hahami kwenda wapi?"

"Kisesa. Baba anataka turudi."

Wachuuzi wakaangua kicheko mpaka mizani ikaachwa inaning'inia. Yule mama hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mistari ya kulia, polepole, mpaka mwisho.

"Mimi mume wangu yuko Sengerema," akasema. "Kila mwezi ananitumia mtu, nirudi nikapalilie. Nyumbani kwenu ni wapi?"

Alikuja kesho yake na wenzake watatu. Hawakuja kwa bei rahisi wala kwa uzuri peke yake. Walikuja kwa lile jina. Wiki iliyofuata walikuja wengine, hata wale wanaokwenda visiwani kununua dagaa, wanaotaka kichwa kitakachovumilia upepo wa ziwa wiki mbili. Kibaraza kikanuka samaki, nzi wakahamia. Jirani akasema kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba kwetu sasa kunanuka kama mwaloni. "Ndiyo harufu ya kubaki mjini," mama akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichoshika.

Na baba alikuwa ndani, dirisha wazi, anasikia siku nzima: "Nisuke Sihami." "Na mimi Sihami, lakini mistari midogo." "Mwenzangu umesuka nini?" "Sihami." Sijui mwanaume anaweza kuvumilia hilo siku ngapi. Yeye alivumilia kumi na mbili. Siku moja kabla ya Krismasi aliivaa ovaroli, akaomba mbao za makreti kwa yule mama wa mabuti, akagonga misumari mpaka jioni. Lilikuwa benchi la watu watano, miguu mitatu sawa na mmoja mfupi. Habari ya Kisesa hakuigusa, na mama hakumuuliza.

Majibu yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa sekondari, na sekondari ilitaka kichwa kilichonyolewa. Mama alininyoa mwenyewe, kibarazani, wateja wakiwa kwenye benchi. Mmoja akalalamika kwamba anafuta tangazo. "Limeshafanya kazi," mama akasema, akanipuliza nywele shingoni. Nikarudi ndani, mahali pangu, na sikutoka mpaka siku ya kuripoti shule.

Zile Jumamosi hazikurudi. Nisikudanganye kwamba zilihamia kibaraza kingine, hapana, zilikwisha. Wengine kwenye mtaa wakaona inalipa, wakaanza kusuka kwa hela nao, na mwaka haukuisha hapakuwa na ngazi hata moja ambayo ungeweza kukaa ukashikwa kichwa bila kuulizwa unacho kiasi gani. Kuna watu mpaka leo wananiambia mama yangu ndiye aliyeanza. Nawajibu ndiyo, ndiye.

Jirani alihama mwaka uliofuata. Mume wake naye alipunguzwa, nao wakaamua kurudi kwao. Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa barabarani, alipanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karanga. Mama akamwinua mteja aliyekuwa kwenye kigoda, akamwambia asubiri. Jirani akakaa, akafungua kitambaa.

"Nisuke ya kawaida tu," akasema.

Mama akamsuka twende kilioni, lakini kwa mkono wake, taratibu, mistari iliyonyooka mpaka unasikitika kuifunika. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ufagio, nasubiri kuona mama atakavyokataa hela, maana kwa jinsi nilivyolelewa ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Jirani akainuka, akafungua fundo la khanga, akatoa noti, akamnyooshea.

"Wewe ni fundi," akasema. "Chukua."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyowafanyia wakubwa, ingawa walikuwa umri mmoja. Halafu wakakumbatiana mpaka gari likapiga honi.

Nimesimulia hili mara nyingi, na kila mara kuna mtu anayeguna hapo kwenye noti. Anasema angalau siku ile angemsamehe hela. Mimi nilisimama pale na ufagio wangu, niliziona nyuso zao wote wawili, na nakwambia kurudisha ile noti ndiko kungekuwa matusi. Nazikosa Jumamosi zile mpaka leo. Bado ningeipokea.