Kijiko Kitupu

Mama mkwe wangu alikuja Kitale kutoka Kanduyi akiwa na kuku mmoja, mfuko wa unga wa wimbi na imani kwamba nimesoma kupita kiasi. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imeisha, narudi kufundisha katika shule moja nje ya mji, mahali paitwapo Kwanza, na mtoto alihitaji mtu wa kukaa naye mchana. Sikutaka kumwachia mgeni. Kwa hiyo nilimwita nyanya yake, na kabla hajavua viatu nikampa sheria. Mtoto ni maziwa yangu tu, nimeyakamua, yako kwenye friji. Maji asipewe. Uji asipewe, mpaka miezi sita itimie.

"Hata ya kuramba?" akauliza.

"Hata ya kulamba, mama."

Nilimsahihisha ile r bila kufikiri. Ni ugonjwa wa walimu.

Aliutazama mfuko wake wa wimbi, kisha akausukuma chini ya meza ya jikoni. Watoto wake wote walianza uji wakiwa wadogo kuliko huyu, na mmoja wao ndiye aliyenioa, hana kasoro ya mwili. Hakusema hivyo. Niliyasoma usoni mwake, nikajifanya sijui kusoma.

Mtoto wetu amerithi jina la marehemu baba mkwe wangu, na mama mkwe halitamki jina hilo ovyo, kwa hiyo alimwita Mzee. Nikipiga simu wakati wa mapumziko ya wanafunzi alinipa habari zote. "Mzee amerara." "Mzee ameamuka." "Mzee anaangaria sisi tukikura, anasikitika sana." Mume wangu alimtania jioni, "Mama, huyo hajafikisha umri wa kupiga kura," na mama yake akacheka mpaka akajifuta macho na leso.

Mimi sikucheka. Sheria yangu haikuwa mzaha. Kutwa nzima mtoto alikuwa analelewa na mtu mwingine, anaogeshwa na mtu mwingine, anabembelezwa kwa nyimbo za Kibukusu ambazo nusu yazo sizijui. Mimi nilibaki na friji na masharti. Nikajiahidi kwamba angalau kijiko cha kwanza cha chakula kitatoka mkononi mwangu, na hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Siku ikafika, Jumamosi. Nilichagua malenge sokoni kana kwamba nachagua shamba. Nikachemsha, nikaponda, nikachuja kwa chujio la chai, nikamkalisha mtoto na kumfunga shingoni kitambaa kipya cha kukinga matone. Mume wangu akashika simu arekodi. Mama mkwe alisimama nyuma yangu, mlangoni mwa jikoni. Kliniki walikuwa wameniambia kwamba mtoto asiyezoea chakula hukisukuma nje kwa ulimi, nisikate tamaa, kwa hiyo nilikuwa na kitambaa cha kumpangusa begani tayari.

Kijiko hakijafika, mtoto akaachama kama kinda. Akafunga midomo juu yake, akavuta, akameza, akaachama tena.

"Huyu ni mzoefu bana," mume wangu akasema, akicheka.

Hapo ndipo damu iliponipanda. Niligeuka.

"Mama, umekuwa ukimpa nini?"

"Sijampa kitu."

"Mtoto hazaliwi akijua kijiko."

"Sijampa chakura, mama."

"Watoto wako uliwalea ulivyotaka. Huyu ni wangu. Nilikuomba kitu kimoja tu, na hicho kimoja umeniibia."

Kumwambia mama mkwe kwamba ameiba, tena mbele ya mwanawe, ni neno ambalo kwetu watu huitiwa kikao. Yeye hakuita mtu. Aliingia jikoni akaosha sufuria ya malenge. Mume wangu aliweka simu mezani, akatoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na shida yoyote. Mtoto alibaki ameachama, akisubiri.

Jumatatu mama mkwe alisema anaenda kuangalia mahindi yake, mvua imezidi. Sikumzuia. Jioni hiyo nikifagia jikoni niliukuta mfuko wa wimbi chini ya meza. Fundo lilikuwa vilevile alivyolifunga Kanduyi. Nililiona. Nililiona vizuri kabisa, nikausukuma mfuko kwa mguu ukarudi gizani, maana mtu aliyekwisha kukasirika hapendi kuletewa ushahidi.

Tukaajiri msichana wa kazi. Na mtoto akafunga mdomo. Malenge hapana, ndizi hapana, kiazi alikipiga kofi. Nilikuwa namkalisha na kumwimbia, na yeye anaangalia juu ya bega langu, kwenye mlango wa jikoni, halafu anageuza uso. Kwa siku kadhaa niliamini ni meno.

Shule zilipofungwa nikamwambia mume wangu nampeleka mtoto Kanduyi akasalimie.

"Unampeleka asalimie, ama unaenda kuomba msamaha?"

Nilinunua sukari, majani ya chai na leso mpya, vitu ambavyo watu wenye makosa hununua. Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu nilikuwa nimeyabeba mgongoni.

Alitupokea vizuri, na hilo liliniumiza kuliko kununiwa. Alichinja kuku. Akaniuliza hali ya shule, hali ya msichana wa kazi, hali ya mvua Kitale. Chakula kilipotengwa, mtoto akaanza kulialia akikazia macho sahani. Mama mkwe aliinuka, akafungua mkoba wake, akatoa kijiko kidogo cha mbao, kimechakaa ncha. Akampa mtoto ashike. Kisha yeye mwenyewe akaachama, "aaa." Mtoto akaachama, "aaa." Wakatia kijiko mdomoni pamoja, mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Hakikuwa na kitu. Mtoto akakifyonza, akacheka kwa sauti ambayo kwangu nilikuwa nimeisahau.

"Ni hii nilikuwa nampa," akasema, bila kunitazama. "Alikuwa anaangaria sahani mpaka huruma inanishika. Na wewe ulisema asikure kitu. Nikasema basi nimpe kijiko peke yake. Nilikuwa naichemusha kwanza. Kijiko si chakura."

Nikalirudisha tonge la ugali kwenye sahani. Nilikumbuka lile fundo chini ya meza.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Na hata kama ningemwamini, ningetafuta kosa jingine, kwa sababu kilichoniuma hakikuwa malenge wala uji. Iliniuma kwamba mtoto wangu alikuwa na furaha wakati sipo.

Nilipiga magoti pale pale sakafuni, mikono ikiwa na mchuzi, nikamwomba msamaha. Akaniinua kwa kiwiko, akasema, "Wacha, mama, chakura inapoa." Aliniita mama, kama zamani. Nikamwambia amlishe mtoto chochote anachotaka. Akatia mchuzi kidogo kwenye kile kijiko, akasimama nacho hewani.

"Nimpe ya ukweri?"

"Mpe, mama."

Mtoto alikula mpaka akasinzia.

Video ile ya Jumamosi mume wangu hajaifuta. Nikizima sauti, ni nzuri: mtoto na kitambaa chake shingoni, mkono wangu, kijiko. Na nyuma yangu, mlangoni, anaonekana nyanya yake ameachama, aaa, akimsaidia mjukuu kula. Mtoto alikuwa hamwangalii aliyeshika kijiko. Huwa naifunga kabla haijafika pale ninapogeuka.

Ningependa kusema yameisha. Kwake pengine yameisha, hana kawaida ya kuhifadhi maneno. Lakini tangu siku ile hampi mtoto kitu bila kuniuliza kwanza. Hata maji. "Naweza mpa ndizi?" "Naweza mpa maji kidogo, mama?" Nimemwambia asiniulize tena, huyu ni mtoto wake, jina lenyewe ni la mumewe. Anakubali kwa kichwa, halafu mara nyingine anauliza vilevile, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye nyumba ya watu. Na mara nyingi nyumba hiyo ni yake.

Sasa mtoto anatembea. Tulipoenda Kanduyi juzi, nilikuwa uani naanika nepi za mwisho mwisho, nikarudi ndani nikamkuta anakimbia na kipande cha kiazi kitamu kinachotoa moshi, ameking'ata tayari. Nyanya yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, sahani mapajani. Aliponiona mlangoni aliiweka sahani chini haraka, akainua mikono yote miwili, viganja wazi, nione.

"Sijampa mimi," akasema. "Amechukua mwenyewe."