Nyangumi Weupe wa Rosettenville

Mimi ni mtu wa kufuta. Nikiandika sentensi moja nafuta tatu, na nikisalimiwa ghafla barabarani narudi nyumbani nikiwaza kama niliitikia vizuri. Shule sikuimaliza. Ninachokijua nimekiokota, na mwokotaji huogopa siku zote kuulizwa amekitoa wapi.

Majira ya baridi yaliyofuata Kombe la Dunia nilikuwa nikisimamia duka la intaneti na simu za nje, Rosettenville, mtaa wa Johannesburg. Kulikuwa na kompyuta chache, vibanda viwili vya simu na hita moja niliyoificha miguuni pangu. Wateja wakipungua nilisoma. Ndivyo nilivyokutana na beluga, nyangumi mweupe wa bahari za kaskazini ya mbali, na sikuweza tena kumwacha.

Beluga hana pezi mgongoni. Mwanzoni nilimwonea huruma, nikadhani amepunjwa. Kisha nikasoma kwamba anaishi chini ya barafu, na pezi lingemkwamisha. Mgongo wake una ukingo mgumu anaoutumia kuvunja barafu nyembamba, apate tundu la kupumulia, maana ana mapafu kama sisi na asipopanda juu atakufa maji. Shingo yake inageuka, jambo ambalo nyangumi wengi hawaliwezi. Majira ya joto beluga huingia kwa makundi kwenye midomo ya mito, penye maji ya uvuguvugu, wakajisugua kwenye changarawe mpaka ngozi kuukuu iwatoke. Hapo pa kujisugua nilipasoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilitamani na mimi niwe na mto wa namna hiyo, niende na wenzangu, niiache ngozi yangu huko.

Jirani na duka kulikuwa na saluni, na mmoja wa wasusi alikuwa dada Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi, kule Bujumbura. Alikuwa na binti wa miaka sita aliyezaliwa hapahapa. Mtoto alielewa Kiswahili chote, hata umbea, lakini hakukisema. Alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika alihamia Kizulu. Kila Jumapili mama yake alikuja kibandani kumpigia bibi, akamsogezea mtoto simu, na mtoto akauma midomo.

Bibi akaamua kwamba mjukuu wake ni bubu.

"Munanificha," alimwambia binti yake. "Mutoto hana sauti, munanificha."

Alituma sukari iliyosomewa dua, ikasafiri kwa mabasi mikononi mwa watu wa heshima, ili mtoto ailambe kila asubuhi. Mtoto aliipenda mno. Iliisha upesi na neno halikutoka. Ndipo bibi akakata shauri. Binamu wa msusi alikuwa Johannesburg akinunua bidhaa. Akirudi Bujumbura, arudi na mtoto, akatibiwe Buyenzi chini ya macho ya bibi.

"Si umkatalie?" nilimuuliza msusi.

"Nimkatalie mama yangu? Wewe dada, unawajua wamama wa Buyenzi wewe?" Alicheka, kisha akajifuta macho kwa taulo la saluni. "Profesa, nisaidie. Mfundishe salamu tu huyu mtoto, nani mwingine kama si wewe? Binamu anaondoka Jumatatu."

Profesa lilikuwa jina la kunitania. Nililichukua kwa uzito wote, kama ninavyochukua kila kitu. Niliandaa mazungumzo kamili: salamu, jibu la bibi, jibu la jibu la bibi, na la kusema endapo bibi atalia. Nilichapisha, nikaona koma imekaa vibaya, nikachapisha tena. Mtoto aliketi kando yangu akining'iniza miguu karibu na hita. Hatimaye akanyoosha kidole, si kwenye karatasi, bali kwenye kompyuta.

"Huyu mbona mchafu?" aliuliza kwa Kiingereza.

Ilikuwa picha ya beluga na ndama wake.

"Si mchafu, ni mtoto," nilimwambia. "Huzaliwa wa kijivu. Weupe unakuja polepole, kwa miaka."

Nikamweleza kwa Kiswahili, maana mambo haya nilikuwa nimejisimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Kwamba mama akishazaa huita sauti ileile, tena na tena, ili ndama amjue hata maji yakiwa na giza. Kwamba ndama hujibu kwa visauti dhaifu visivyofanana na vya wakubwa, na hupita muda mrefu kabla ya sauti yake kukomaa.

"Lakini anamsikia mama yake?" aliuliza, bado kwa Kiingereza.

"Anamsikia vizuri sana."

Alitazama picha ile muda mrefu. Mimi nikarudi kwenye karatasi yangu ya salamu.

Jumapili tukajazana kibandani. Niliweka simu kwenye spika. Bibi akaitika, msusi akamsukuma mtoto mbele, nami nikamwinulia karatasi. Mtoto akauma midomo.

"Nimeshasema," bibi akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka kuogopa. "Kesho aje. Mumufungie nguo za baridi za njiani."

"Mama, mtoto ni mzima," msusi alisema, akitafuta lolote. "Kutwa yuko kwa kompyuta ya dada hapa, anatazama samaki yake mweupe."

"Samaki gani? Mukeke?"

"Mkubwa, mama. Kama taksi."

"Hakuna samaki kama taksi. Huyo ni kiboko. Hapa ziwani tunawaona."

"Si kiboko!" mtoto akapayuka kwa Kiswahili. "Na si samaki! Ananyonyesha!"

Msusi alishika ukuta wa kibanda.

"Nani anabishana na mimi?" bibi akauliza taratibu.

"Mimi, Bibi."

Tulimsikia akivuta pumzi, akimshukuru Mungu, akipenga kamasi. Kisha akamwita binti yake. "Wewe. Mwambie binamu arudi na mizigo yake tu. Sasa toka, niachie mutoto."

Karatasi yangu ilibaki mkononi. Nakiri iliniuma kidogo kwamba hakuna aliyeihitaji.

"Sasa wanakaa wapi hawa wanyama wako?" bibi aliuliza.

"Durban," mtoto alijibu bila wasiwasi. Ndiyo bahari pekee aliyowahi kuisikia ikitajwa.

"Durban kuna baridi?"

"Baridi sana, Bibi. Bahari yote ni barafu."

Nikafungua kinywa niseme Durban haina barafu. Msusi, bila hata kugeuka, akanikanyaga mguu, nikakifunga.

"Maskini," bibi akasema. "Na watoto wao je, wanavaa nini?"

"Mafuta," mtoto alisema. "Wamevaa mafuta ndani, chini ya ngozi."

Kwa hilo alikuwa sahihi kabisa.