Sentimita Tisa za Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Futi, na akiulizwa jina lake la kweli alilitafuta kidogo kabla ya kulipata. Alikuwa seremala wa vitanda. Hakutengeneza meza wala kabati, vitanda tu, kwa miaka ishirini na sita, na kila aliyekuja kuagiza alipimwa kwanza kama anayeshonewa suti. Mtu huyu alipima kila kitu. Alipima keki ya siku ya kuzaliwa ili wanawe wasigombane, na inasemekana siku alipopeleka posa aliipima sebule ya wakwe kwa macho, akawaambia wenyewe kwamba ukuta wao mmoja umekwenda upande.

Wazimu huo ulikuwa na chanzo chake. Akiwa darasa la tano alimjibu mwalimu wa hesabu kwamba ubao una urefu wa "kama mita tatu hivi." Mwalimu, mwanamke mrefu mwembamba, mwenye magauni yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, alimpa rula na kumwambia mbele ya watoto hamsini, "Usikisie. Pima." Akapima ubao, akapima madirisha, akapima dawati moja moja mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Na kwa kuwa mapenzi ni majani, popote huota, miaka kumi na minne baadaye alimwoa binti wa mwalimu yuleyule.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe huyo, jambo lililowapa majirani kazi ya kucheka kwa muda mrefu. Dirisha la karakana lilitazama bustani ya Mwalimu, na bustani ya Mwalimu ilikuwa ya kitu kimoja: pilipili. Kulikuwa na pilipili kichaa ndogo kama kucha na pilipili mbuzi zilizovimba mashavu. Hakuna nyumba mtaani iliyokuwa haijapelekewa fungu, na Mwalimu alipenda kusimama mlangoni baada ya kulikabidhi, asubiri kusikia mtu akikohoa ndani. Futi mwenyewe hakula pilipili. Ikipita tu karibu na sahani yake, alitokwa jasho.

Siku moja mezani Mwalimu alisema, "Nimemwita mwashi. Uwanja wa nyuma nataka umwagwe zege."

"Na pilipili, Mama?" mke wa Futi akauliza.

"Nimezichoka," akajibu, kama vile anamzungumzia mgeni aliyekaa sana. "Nataka mahali pasafi niweke kiti. Ana kazi ya ukuta mahali, atakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao."

Futi aliinamia sahani yake. Alijua si kweli, kwa sababu siku tatu nyuma alikuwa ameona.

Alikuwa akipiga randa karibu na dirisha. Mwalimu alichuchumaa kung'oa magugu, kisha hakuinuka. Akawa anatazama jani moja. Akalitazama sana, mpaka Futi akadhani ameona mdudu. Halafu akashika shina la mti mkubwa wa pilipili mbuzi ajivute, na mti ukatoka na mizizi yake, naye akakaa chini kwenye udongo. Alitazama kulia na kushoto. Akajikokota hadi ukutani, akapanda juu kwa mikono kidogo kidogo mpaka akasimama. Kisha akaurudisha ule mti shimoni kwa ncha ya kiatu, akachukua tawi na kufagia alama ya pale alipokaa. Kule kufagia ndiko kulikomchoma Futi moyoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema mkwe aanzie wapi. Akimwambia mkewe, yangefuata mahubiri na foleni za hospitali, na pilipili zingekwisha siku hiyo hiyo. Na kumwambia Mwalimu mwenyewe, mwanamume mzima akae mbele ya mama mkwe wake aanze, "Mama, juzi nilikuona umeanguka"? Heshima haikuwa na mlango wa hilo. Akachagua njia ya tatu, ambayo ni uongo.

"Mama," akasema kesho yake, "nasikia pilipili ikipandwa juu juu, kwenye sanduku la udongo, inakuwa kali zaidi."

"Umesikia wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Wataalamu."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, na Futi akarudi darasa la tano. "Wewe usiyeweza hata pilipili hoho?"

"Ndiyo maana mimi ndiye wa kufanya jaribio, Mama. Sitakuwa na upendeleo."

Akacheka, jambo ambalo si la kila siku. "Haya. Mpaka mwashi aje, chezea unavyotaka."

Hapo ndipo mtaa ulipopata kipindi cha kutazama. Seremala wa vitanda akiambiwa atengeneze sanduku la udongo, anatengeneza kitanda. La kwanza lilikuwa na viungo vilivyobana hata wembe haupiti, gundi kila kona na vanishi mara mbili. Lilikuwa zuri. Maji nayo yakalipenda, yakakaa humo humo, na baada ya siku tisa miche ikawa ya njano na chura akahamia. La pili akaliwekea chaga chini, kwa nafasi ileile anayoachia godoro. Mwalimu alimwagilia mara moja tu. Udongo wote na samadi vikashuka kwa pamoja, vikamwangukia paka aliyekuwa amelala kivulini.

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" mkewe alimuuliza, akimfuta yule paka. "Watu wanangoja vitanda vyao, wewe unalaza udongo!"

Futi alikuwa na tatizo kubwa kuliko paka. Masanduku yote mawili aliyafanya kwa kimo cha kitanda cha kulalia, kwa mazoea tu, na Mwalimu aliinama juu yake kama anayemsalimia mgonjwa. La tatu lilipaswa kuwa refu, kingo zifike kwenye viwiko vyake, asiiname hata kidogo. Viwiko hivyo viko juu kiasi gani kutoka chini? Mtu aliyepima kila kichwa cha mtaa ule hakuwahi kumpima mama mkwe wake, na hakuona atamwendeaje na futi mkononi.

Alijaribu ujanja. Akamwomba amshikie ubao, asimame wima, Mwalimu akauegemeza ukutani, akasema, "Ukuta hauna kazi, utumie huo." Akaweka alama ya penseli kwenye fremu ya mlango, pale kichwa cha Mwalimu kilipopita, kumbe siku hiyo alikuwa amefunga kilemba cha kwendea arusi. Mwisho akaenda kwa fundi cherehani aliyemshonea Mwalimu magauni yake yote.

"Vipimo vya mteja ni siri," fundi cherehani akasema. Kisha akafungua daftari. "Bega hadi chini, mia moja thelathini na mbili. Bega hadi kiwiko, thelathini na tatu." Alitaka kuongeza neno, akaonekana kubadili mawazo, akaweka pini mdomoni.

Futi alitoa hesabu njiani: tisini na tisa. Furaha ilimjaa, akasahau kuuliza kipimo kile kiliandikwa lini.

Sanduku la tatu lilikuwa kazi ya maisha yake. Matendegu manne marefu, chaga zilizosogezwa, gunia ndani la kuzuia udongo na kuachia maji. Nyuma aliacha kichwa cha kitanda chenye maua mawili ya kuchonga, kilichoagizwa na bwana harusi mmoja ambaye bibi harusi alimkimbia, ili kikinge upepo. Alihamishia humo miti sita kwa mikono yake mwenyewe, akatunza wiki tatu, akachuma pilipili moja mbivu kwa majaribio, akajifuta jicho, akalala chini ya benchi nusu saa akiita watu wasiokuwepo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mwashi, akamwita Mwalimu aje aone.

Mwalimu akaja akikausha mikono kwa gauni lake. Akasimama mbele ya kile kitanda. Kingo zilimfika juu ya viwiko, karibu na kifua, na ili aguse udongo ilimbidi ainue mikono yote miwili, kama mtoto kwenye kaunta ya duka. Akaishusha. Futi alitamani ardhi ipasuke immeze. Macho yake yaliyozoea kupima yalikwisha kuona: mwanamke yule mrefu wa darasa la tano hakuwepo tena, na yeye aliyekuwa akila naye meza moja kila siku hakuwa ameona anavyoondoka.

"Hiki umempimia nani?" Mwalimu akauliza.

"Wewe, Mama."

"Ulinipima lini?"

"Fundi cherehani alinisomea kwenye daftari."

"Vipimo vya gauni lile la arusi ya shemeji yako. Miaka kumi na mitano." Akavua miwani. "Yule kila mwaka ananipandishia upindo wa gauni, anadhani sioni. Na wewe, siku ile nilipokaa chini, randa yako ilinyamaza. Nikajua unatazama. Nyote mnadhani sioni."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Futi akafuta vumbi kwenye ukingo wa sanduku.

"Nilikufundisha nini darasa la tano?"

"Usikisie, Mwalimu. Pima."

"Basi."

Akaichomoa futi mfukoni mwa mkwewe kwa mkono wake mwenyewe, akabana ncha begani, akaiachia ishuke. Futi akapiga magoti, akaivuta hadi chini akiwa ametazama viatu. Akasoma. Akasoma tena.

"Mia moja ishirini na tatu."

"Toa."

"Tisa, Mama."

"Tisa," Mwalimu akasema, na sauti yake ikashuka kidogo. Akaitazama ile futi ya chuma kama inamdanganya. Halafu akajinyoosha, kwa kiasi kilichobaki cha kujinyoosha. "Nimezaa watoto watano. Na mkwe mmoja nimemfuga nyuma ya nyumba. Gawanya."

Futi akachukua kipande cha ubao, akagawanya kwa penseli, taratibu, kwa sababu kugawanya hakukuwahi kuwa upande wake. "Moja na nusu kila mtu."

"Umeona. Hazikupotea. Mnazo."

Futi akaenda kuleta msumeno, akakata matendegu yote manne, sentimita tisa tisa, kimo kikabaki tisini, na Mwalimu akasogea tena. Viwiko vikatua juu ya kingo kama vimetengenezewa mahali pake. Aling'oa gugu moja. Akang'oa la pili. Akachuma pilipili kichaa, akaitafuna pole pole, akiwa wima kabisa.

"Ukali ni uleule," akatangaza. "Jaribio lako limeshindwa."

Jumamosi mwashi alifika na koleo, akamkuta Mwalimu kwenye kitanda chake, kichwa cha maua nyuma yake kama anapigwa picha. Akaambiwa amwage zege ukanda mwembamba tu mbele yake, wa kusimamia, na kwa usumbufu akapewa pilipili mbuzi tatu. Alikula moja palepale ili kuonyesha uanaume. Walimsikia akikohoa hadi kona.

"Futi," Mwalimu akaita, akigeukia dirisha la karakana, na randa ikanyamaza. "Nitengenezee kingine. Ila hicho kipunguze sentimita mbili."

"Mama, safari hii nimepima mwenyewe. Hakuna makosa."

"Najua. Hicho ni cha mwaka ujao."

Futi akachukua penseli sikioni, akaandika juu ya mbao mpya: themanini na nane.