Kitambaa cha Mama Veronika

Wiki iliyopita nilitoka Kizwite kwenda kujitolea kukarabati daraja la zamani la chuma, lile linaloning'inia juu ya mto kabla ya kufika Chala. Nilipewa kazi ya kukwangua kutu na kupaka rangi nyekundu, nikajiona fundi kuliko mafundi.

Katikati ya daraja nilikuta kipande cha kanga kuukuu kimefungwa kwenye chuma cha pembeni.

"Hiki cha nani?" nikauliza.

"Cha Mama Veronika," akajibu mwenzangu bila kuinua kichwa.

Mama Veronika ndiye aliyekuwa akituletea uji wa ulezi. Nikajisemea, mama huyu anatujali mpaka katuwekea tambara la kufutia mikono. Nikakifungua. Nikakitumia kufutia brashi, mikono, hata viatu.

Mama Veronika alipofika aliweka ndoo ya uji chini, akaenda moja kwa moja katikati ya daraja, akawa anapapasa pale penye rangi mbichi. Wenzangu wakaacha kupaka rangi. Mimi mjuaji nikamkimbilia.

"Shikamoo mama. Kama ni kitambaa, ninacho. Kinafuta rangi vizuri sana, asante."

Akakitazama mkononi mwangu, kimelowa rangi.

"Marahaba, baba," akasema taratibu. "Veronika wangu alianguka hapa, mvua za mwaka jana. Hicho ndicho tulichokikuta kimenasa kwenye chuma tulipokuja kumtafuta, nikakifunga hapo hapo."

Akanyoosha mkono akipokee. Nilishindwa hata kumpa, kwa jinsi nilivyokichafua.