Mbwa Asiyeruhusiwa Kukanyaga Nchi

Kwa miaka ishirini na saba Mama Turubai alishona matanga bila kupanda mashua hata siku moja. Si kwamba aliiogopa bahari. Hakuwa tu na shughuli huko. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, chenye meza ya kutosha kulaza watu watatu, cherehani kizito cha kuendeshwa kwa mguu, na harufu ya nta iliyokuwa imeingia hadi kwenye mkate wake wa mchana. Alishona maturubai ya malori, vivuli vya mbele ya maduka, na mara mojamoja tanga la mashua ya starehe.

Mlangoni alilala Karani, mbwa wa rangi ya majivu mwenye sikio moja lililokataa kusimama. Jina hilo alilipata kwa sababu alimtazama kila anayeingia kuanzia viatuni hadi kichwani, kisha akageukia ukuta, kama mtu anayesema rudi kesho.

Kusema kweli, mbwa alikuwa wa binti yake. Binti alipopata kazi nchi jirani alimwacha kwa mama yake "wiki mbili tu, nikishapata nyumba." Wiki hizo mbili sasa zilikuwa na umri wa miaka minne. Binti alikuwa ameshahama nyumba mara tatu, ameshaolewa, na kila akipiga simu aliuliza kwanza hali ya mbwa, ndipo akafika kwa mama.

"Mama, unakuja lini?"

"Nikipata wa kumwachia huyu."

"Si umwache kwa shangazi?"

"Shangazi yako alimchukua Jumamosi asubuhi. Alimrudisha Jumamosi hiyohiyo, na hakuingia ndani hata kunywa maji."

Mabasi yalikataa mbwa. Ndege ilitaka Karani afungiwe kwenye sanduku na asafiri na mizigo, jambo ambalo Mama Turubai alisema hata yeye mwenyewe asingelikubali. Safari ikabaki kuwa ya mdomoni mpaka siku daktari mmoja wa meno, mstaafu, alipokuja kuchukua tanga lake. Yeye na mkewe walikuwa wanavuka kwenda nchi hiyohiyo mwezi ujao.

"Nafasi ipo," daktari alisema. "Ya mbwa pia. Ila makaratasi yake uyahangaikie mwenyewe."

Akayahangaikia. Karani alichomwa sindano ya kichaa cha mbwa, akatolewa damu, akawekewa kidude chenye namba chini ya ngozi ya shingo, akaandikiwa cheti chenye mihuri mitatu na kibali cha kuingia. Mwisho wa yote, Mama Turubai alikuwa na pasi, na Karani alikuwa na faili.

Kwa turubai la rangi ya machungwa alimshonea kizibao chenye mpini mgongoni, ili akitumbukia majini ainuliwe kama mkoba. Kwa haja zake alitafuta zulia la majani ya plastiki, akalikata likatosha pembe ya mbele ya mashua. Karani alilinusa, akalitazama kuanzia ukingo huu hadi ule, akageuka. Mama Turubai aliufahamu mgeuko huo.

Walitoka asubuhi, upepo ukiwa mzuri. Daktari alishika usukani, mkewe akapika chai kwenye jiko lenye moto mmoja, na Mama Turubai akakaa chini ya mlingoti na kuinua macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kazi yake ikiwa imejaa upepo. Kichwa kilibaki kimeinuka, mdomo wazi. Mke wa daktari alidhani mgeni ameanza kichefuchefu, akamsogezea ndoo.

"Pale juu," Mama Turubai alisema mwishowe, "kuna mshono umepinda."

"Mshono unashika vizuri tu," alisema daktari.

"Hebu lishushe."

"Tukilishusha tutasimama."

"Basi tusimame."

Wakasimama katikati ya bahari kwa nusu saa, mashua ikiyumba kama mlevi anayetafuta funguo, huku fundi akifumua na kushona upya mshono ambao hakuna samaki angeuona. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Karani naye hakutulia. Siku nzima hakujisaidia. Walimpeleka kwenye zulia, wakamsifu, wakambembeleza, daktari akafikia hatua ya kumpigia mluzi. Mbwa alikaa kando ya zulia na kuwaangalia kwa huruma. Kesho yake mchana, walipoliona gati la nchi ya pili, alikuwa ameanza kutembea kwa hatua fupifupi, macho yakiwa kwenye nyasi zilizoota nyuma ya ofisi za bandari.

Daktari alipandisha bendera ya manjano, kwa maana kwamba chombo bado hakijakaguliwa. Mlinzi wa gati, mtu mnene mwenye kofia iliyombana, akasogea na ubao wa kuandikia.

"Watu mtashuka mkagonge mihuri," alisema. "Mbwa hapana. Haruhusiwi kukanyaga nchi hii mpaka Bwana Mifugo amwone."

"Na huyo Bwana Mifugo yuko wapi?" aliuliza Mama Turubai.

"Yuko kwenye mkutano. Atakuja kesho saa mbili."

"Baba, huyu hajajisaidia tangu jana alfajiri."

Mlinzi alimwangalia Karani. Karani alimwangalia mlinzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakugeuka.

"Naona hali yake," alisema mlinzi kwa upole. "Lakini sheria imeandikwa. Asikanyage nchi."

Mama Turubai alifikiri kidogo. "Na nchi ikimfuata yeye huku?"

"Vipi?"

"Sheria inakataza mbwa kushuka. Inakataza udongo kupanda?"

Mlinzi alifunua karatasi zake, ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Kisha akaweka ubao chini, akaenda nyuma ya ofisi, na akarudi na karai limejaa udongo na kipande cha nyasi kilichong'olewa na mizizi yake. Alilipitisha juu ya maji kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga.

Karani aliingia karaini miguu yote minne. Watu wazima wanne waligeuka kwa heshima na kutazama upande mwingine. Ilichukua muda.

"Alikuwa amebeba mengi," alisema mlinzi baadaye.

Asubuhi Bwana Mifugo alifika, akapitisha kifaa chake shingoni mwa Karani, akalinganisha namba, akasoma faili hadi mwisho. Kisha akaliona karai.

"Udongo wa nje hauruhusiwi kuingia nchini."

"Ni wenu," alisema Mama Turubai. "Muulize mlinzi wako."

Mlinzi alikuwa ghafla na kazi nyingi upande wa pili wa gati. Bwana Mifugo alishika kalamu juu ya fomu, akatafuta mahali pa kuandika jambo hilo, akapakosa, akagonga muhuri.

Binti alikuwa amesubiri getini tangu saa moja. Alikuwa amejiandaa kulia iwapo mbwa atakuwa amemsahau. Karani alimtazama kuanzia viatuni, hakufika hata magotini. Alimrukia, wote wawili wakaanguka juu ya mizigo. Mama Turubai alisimama pembeni ameshika faili, akingoja zamu yake ya kusalimiwa.

Nyumbani, mkwe alikuwa amejipanga kumpokea mama mkwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa shati jipya. Jambo moja hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe: aliogopa mbwa. Mlango ulipofunguliwa na Karani akatangulia kuingia, mkwe alijikuta juu ya meza ya chakula, viatu na vyote.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka huko juu, mikono ameikunja kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Turubai. "Habari za huko?"

"Nzuri. Karibu ndani."

Alibaki mezani mpaka chai ilipoletwa, akainywa hukohuko. Siku ya pili alikunywa akiwa kwenye kiti, miguu ameipandisha. Siku ya nne Mama Turubai aliamka akakuta nyumba iko kimya, kizibao cha machungwa hakipo msumarini, na dirishani akamwona mkwe wake akikata kona ya barabara polepole, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umenyooshwa mbali na mwili kama wa mtu anayevuka daraja la ubao mmoja, akimweleza mbwa habari za jirani wa kila nyumba waliyoipita.