Neno la Pasta Habineza

Mukandori alikuwa kiongozi wa mama wa maombi katika kanisa dogo la Nyamitaba, na hakuna jambo kubwa alilolifanya nyumbani kwake bila kwanza kumuuliza Pasta Habineza. Binti yake Olga alipochumbiwa, alimuuliza. Hata ng'ombe wao alipougua alimuuliza, na mumewe, Callixte, akacheka akasema pasta si mganga wa ng'ombe. Mukandori hakuona ubaya. Kwake yeye, kumtii mchungaji ndiko kumtii Mungu. Tena Habineza hakuwa mtu wa kujikweza. Alilima pamoja nao, alikesha na wagonjwa wao, aliwazika wafu wao.

Mapigano yaliposogea, watu wa vilima vya jirani walianza kupita na magodoro kichwani. Jumapili hiyo Habineza alitangaza kwamba Mungu amemwonyesha: kilima chao hakitaguswa, na atakayekimbia ataiacha baraka yake nyuma. Mama wa maombi wakaimba, Mukandori akiwashinda wote kwa sauti. Callixte hakuimba. Walipofika nyumbani alitoa kamba, akaanza kufunga godoro.

"Mama Olga," akasema, "pasta iko mutu wa Mungu, sikatai. Lakini masasi ya bunduki nayasikia na masikio yangu. Twende."

"Ukikatala neno ya pasta, unakatala ya nani?" Mukandori akamuuliza.

Callixte akaifungua ile kamba. Hakuwa mtu wa ugomvi, na hakuwa tayari kuondoka bila mkewe.

Bomu lilianguka katikati ya juma, kwenye shamba lao la maharagwe, Callixte akiwa humo akivuna. Habineza ndiye aliyefika wa kwanza. Alimbeba mgongoni hadi ukingo wa shamba, akachimba kaburi yeye mwenyewe, na sala aliyoianza ikamshinda katikati. Kabla ya jioni kilima kizima kilikuwa njiani. Mukandori alitembea nyuma ya Olga, wakapita Masisi, wakashuka hadi Kashebere, na mtu akimuuliza leo alibeba nini safari ile, hajui.

Huko Kashebere, Wakristo wa Nyamitaba walipata mahali pa kusalia chini ya turubai. Habineza alikuwa akikaa nyuma kabisa, na hakuna aliyemwomba aseme neno. Olga akimwona alikuwa anageuza uso. Asubuhi moja Habineza alimkuta Mukandori akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akaketi chini, kwenye udongo.

"Mama, Mungu hakunionesha kitu," akasema. "Niliogopa kanisa itabaki tupu. Ile woga yangu ndio niliita sauti ya Mungu."

Mukandori aliendelea kutwanga. Alitamani kumpiga kwa ule mchi. Alitamani pia kumwambia kwamba kila anapofumba macho hamwoni pasta akihubiri; anamwona Callixte akifungua kamba. Mwishowe Habineza akainuka, akaondoka.

Wazee wa kanisa walipokutana kumhukumu, wengine walitaka afukuzwe kabisa, wengine walisema mtumishi wa Mungu haguswi na mtu. Mwishowe wakamgeukia Mukandori, kwa kuwa msiba ulikuwa wake. Alisimama akishika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Alisema uongo kwa jina ya Mungu," akasema polepole. "Asisimame tena mbele yetu. Lakini musimufukuze. Alituzikia watu, akae na sisi, akule na sisi. Na mimi nilimupa kitu yenye haikuwa yake, nilimutii sawa vile ni Mungu. Bwana yangu Callixte alisikia masasi muzuri, mimi nikamunyamazisha."

Olga alitoka nje akilia. Hadi leo hajamsalimu Habineza, na mama yake hamlazimishi. Mukandori humpelekea pasta sahani yake, huitikia salamu yake, kisha hurudi kukaa peke yake. Amesamehe au hajasamehe, mwenyewe hana hakika. Kuna siku anaona ameweza, na kesho yake anaamka uchungu ukiwa palepale.

Mzee Kanyamibwa ndiye anayewaongoza sasa, mtu mpole, na Mukandori humheshimu. Juzi mzee huyo alitangaza kwamba Nyamitaba kumetulia, Mungu amefungua njia, familia zijiandae kurudi. Watu walipiga makofi. Mukandori hakubisha. Ibada ilipokwisha alikwenda barabarani kwa waendesha pikipiki, akawauliza mmoja mmoja nani ametoka upande ule. Aliyetoka huko alimwambia watu wenye bunduki bado wako kilimani, na mashamba yote yameingia majani, hata mtu hawezi kujua mpaka uko wapi.

"Na kaburi, haukuona?" akauliza.

Hakuona. Mukandori alimshukuru, akarudi kumtafuta Mzee Kanyamibwa.

"Papa," akamwambia kwa adabu, "tuketi kwanza. Iko jambo nimesikia."